Punje ya Tano

Wiki mbili zilizopita nilinunua maharage sokoni Kayanga, nikayamwaga kwenye ungo ili niyachambue, na vumbi lake likanipanda puani. Ninyi mliolelewa kwenye vibanja, mashamba yetu ya migomba, mnaijua harufu hiyo ya udongo mkavu na magunia yaliyolala ghalani. Watu wa umri wangu wakiinusa huwakumbuka mama zao. Mimi nilimkumbuka Domina, nikakaa na ungo mapajani mpaka maji yakakauka kwenye sufuria. Nimeshaandika mengi kuhusu utoto wangu, ya senene na ya harusi, yale yanayochekesha, na watu wamenisifu kwamba lazima nilikuwa mtoto mwenye huruma. Sikuwa, na sasa nimechoka kusifiwa.

Tulipokuwa darasa la tano alikuja mwalimu wa kujitolea, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyomzidi ukubwa. Vitabu vya hesabu vilikuwa vitatu kwa darasa zima, kwa hiyo akatufundisha kwa maharage. Alitutoa nje, akachora miraba mingi kwenye udongo kwa fimbo, akatuambia kila mraba ni kiwanja. Penye punje pana mtu, na pasipo na punje ni pori. Kila kiwanja kina majirani wanane, wanne wa ubavuni na wanne wanaogusana nacho kwenye kona. Kisha akatupa sheria. Punje yenye majirani wawili au watatu inaishi. Yenye mmoja, au isiyo na yeyote, inakufa kwa upweke. Yenye wanne au zaidi inakufa kwa kubanwa. Na pori likizungukwa na punje tatu kamili, hapo anazaliwa mtu. Unahesabu uwanja wote kwanza, ndipo unaondoa wafu na kuweka waliozaliwa kwa mpigo mmoja, na hiyo ndiyo zamu. Tuliziimba sheria hizo njia nzima ya kurudi nyumbani, hasa ile ya upweke, kwa sababu mwalimu aliisema kwa sauti ya msibani.

Punje nyingi tulizotupa ovyo zilikufa au zilihangaika zamu kwa zamu. Lakini kulikuwa na maumbo ambayo mwalimu aliyaita yaliyotulia. Ukiweka punje nne zilizobanana mraba, kila moja ina majirani watatu, hakuna anayekufa wala anayezaliwa. Umbo hilo tuliliita Kitanda. Kulikuwa na Mzinga wa punje sita zilizozunguka tundu, na Mtumbwi wa punje tano, ambao mwalimu alituchorea ukiwa umeshakamilika bila kutuambia unapatikanaje. Mimi nilikipenda Kitanda.

“Hiki hesabuni zamu mia,” alituambia, “kitabaki hivihivi.”

“Mpaka lini, mwalimu?” nikamuuliza.

“Mpaka mtu akiguse.”

Sasa, pale nyumbani tulikuwa na nyumba nne juu ya mwinuko, yetu, ya bibi, ya baba mkubwa na ya baba mdogo, na vibanja vyao vilikutana katikati mahali palipokuwa na mti wa kuanikia nguo. Mtoto wa miaka kumi na mmoja angeona nini tena? Niliona Kitanda. Nililala usingizi mtamu sana wiki ile, nikiamini kwamba ukoo wetu umehesabiwa na umeonekana umetulia, na kwamba hata kikohozi cha bibi hakiwezi kumfanya chochote maadamu ana majirani watatu.

Chini yetu kidogo walikaa kina Domina. Baba yake alitoka Burundi akiwa kijana, akaja kuchuma kahawa ya babu yangu, akakaa, akaoa. Babu alimpenda, akamkatia kipande cha ardhi. Pale ambapo kona ya kibanja chao iligusana na kona ya chetu, babu alipanda mlamula, ule mmea wa majani marefu ambao kwetu unasimama mpakani kama hakimu, na hata jina lake linatokana na kuamua ugomvi. Karatasi hakuna iliyoandikwa. Babu alikufa na mlamula ukabaki, na ukiuliza kina Domina wana hati gani ya pale, hati yao ilikuwa huo. Kuung'oa mlamula wa mtu ni jambo ambalo kwetu hata mlevi halifanyi.

Domina alikuwa rafiki yangu. Alizaliwa pale, alisema Kinyambo, lugha yetu, safi kuliko mimi, na alikuwa na tabia ya kukubali kila nilichosema, jambo lililonifanya nimpende na kumdharau kwa pamoja. Baba yangu alikuwa na kauli moja juu yao. Akiwa anakula, akiwa ananoa panga, akisikia tu mbuzi wao analia, alisema, “Hawa watu wametukalia ubavuni.” Nilikua nikiisikia. Sikujua ni maneno ya mtu mwenye wivu anayemezea mate kipande cha ardhi. Nilidhani anaeleza mahali walipo.

Kwa hiyo siku niliyoamua kuihesabu familia yetu yote, niliweka punje nne katikati ya miraba, halafu nikachukua punje ya tano, ya kina Domina, nikaiweka ubavuni. Tulikuwa nyuma ya nyumba, karibu na turubai la kahawa, na Domina alichuchumaa mbele yangu akifukuza kuku. Zamu ya kwanza, punje mbili za Kitanda zilizoguswa zikafa kwa kubanwa, na mbili nyingine zikazaliwa mahali pa ajabu. Zamu ya pili zikabaki tatu. Ya tatu zikabaki mbili. Zamu ya nne uwanja ulikuwa mtupu.

“Tumekufa wote?” Domina akauliza.

“Wote. Hata bibi.”

“Sababu ni sisi?”

“Hesabu ndiyo inasema, siyo mimi.”

“Rudia, waitu,” akanisihi. “Labda umekosea.”

Nilirudia mara tatu. Sikukosea hata mara moja, na nilijisikia vizuri kutokosea. Domina alikaa akiitazama ile punje yake, kisha akaiokota akaifumbata.

“Na sisi tukienda mbali?”

“Weka tuone.”

Akaiweka mbali kabisa, pembezoni mwa miraba. Tukahesabu. Kitanda kilitulia. Punje ya mbali haikuwa na jirani hata mmoja, na Domina aliijua sheria kama nilivyoijua mimi, lakini alinisubiri niiseme. Niliisema kwa ile sauti ya msibani. Halafu nikaiokota punje yake nikawarushia kuku, na jogoo akaidonoa.

Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu kuna watu wakisimuliwa habari kama hii hukimbilia kusema, mtoto hajui. Nilijua. Nilijua kwamba wakibaki tutakufa wote na kwamba wakienda watakufa wao peke yao. Nilizilinganisha habari hizo mbili kwa muda wa siku tatu, nikachagua, na wala sikulia.

Jumapili iliyofuata nilisema tumbo linaniuma. Watu wote wa zile nyumba walikwenda kanisani, na kina Domina pia, maana tulisali pamoja na kukaa mabenchi ya kufuatana. Niliteremka na jembe mpaka kwenye mlamula. Katika akili yangu mambo yalikuwa rahisi, kwamba kinachowafanya wawe wametugusa ni ule mmea, na ukiondoka hawatakuwa wametugusa tena. Nilichimba. Jua lilikuwa kali na mikono ikatoka malengelenge. Mzizi wa mwisho ulikataa, nikaenda nyumbani kuchukua panga, nikarudi nikaukata. Niliukatakata mlamula vipande, nikavitumbukiza chooni kimoja kimoja nikivisikia vinavyoanguka, kisha nikafukia shimo na kutandaza majani makavu ya migomba juu yake. Waliporudi nilikuwa nimelala, na mama akanipikia uji.

Siku mbili baadaye baba alitangaza kwamba mpaka umechezewa. Lililonishangaza wakati ule, na ambalo sikulitafakari, ni utulivu wake. Mtu aliyekuwa akifoka mtoto akivunja kikombe alikwenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji akiwa amevaa shati la kanisani, akaomba baraza likae uani kwa baba mkubwa.

Baba yake Domina alikuja na mke wake na watoto, akabaki amesimama ingawa benchi lilikuwepo.

“Mzee aliupanda mlamula kwa mkono wake,” alisema. “Mimi nilikuwa nimeshika kopo la maji ya kumwagilia. Mama mkubwa hapa alikuwepo.”

Watu wakamgeukia bibi. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, akavuta kanga yake mabegani. “Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri,” alisema.

“Siulizi macho, mama. Nauliza siku ile.”

“Nimezeeka, mwanangu,” bibi akajibu, naye alikuwa bado anachambua mchele kwa jicho tupu vizuri kuliko sisi wote.

Baba akasimama. “Mimi simwonei mtu. Kama mlamula ulikuwepo, uko wapi? Na kama umeng'olewa, mtu wa kuung'oa ni yule anayetaka kutusogelea. Kila mtu anajua nani anataka kutusogelea.”

Kukawa na minong'ono. Mtu mmoja nyuma alisema warudi walikotoka, na hakuna aliyemkemea. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda yaishe haraka. Akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwangu.

“Huyu binti anacheza huko chini na mwenzake kila siku,” alisema. “Watoto hawana siasa. Wewe Koku, pale kwenye kona uliwahi kuona mlamula?”

Nilimtazama Domina. Tulikuwa tumefunga kamba za migomba kwenye mlamula ule tukaruka mpaka magoti yakachubuka. Tulikuwa tumejificha mvua chini ya majani yake, ambayo hayakuzuia mvua. Domina alinitazama bila wasiwasi kabisa, kama mtu anayesubiri arudishiwe kitu chake, kwa sababu jibu lilikuwa jepesi mno.

“Sijawahi kuuona,” nikasema.

Baba yake Domina alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisha akaanza kuvaa kofia yake kabla hata mwenyekiti hajamaliza kuzungumza. Waliambiwa wavune kilichokuwa shambani na wahame kabla ya mvua. Mama yake Domina ndiye aliyelia, na wanawake wa kwetu walitazama pembeni, akiwemo mama yangu, ambaye mwanamke yule alimzalisha kwa mikono yake alipomzaa kaka yangu mdogo.

Waliondoka asubuhi moja na baiskeli mbili. Moja ilibeba godoro na masufuria, nyingine ilibeba gunia la maharage na mtoto mdogo juu yake, na Domina alikokota mbuzi. Nilisimama njiani kwa sababu nilitaka kuona. Alipofika nilipo alisimama, mbuzi akaanza kula majani ya ua wetu.

“Sasa mtatulia,” aliniambia.

Hakusema kwa kejeli, na laiti angesema kwa kejeli. Alikuwa ananipa habari njema. Aliamini hesabu ile kama mimi, na alikuwa amekubali kuwa ile punje ya mbali. Nilimjibu, “Ndiyo,” nikamsogezea mbuzi kwa teke ili asimalize ua.

Miezi iliyofuata niliingoja habari ya kifo chao. Nilidhani italetwa kanisani, kwenye matangazo. Jioni moja nikamuuliza mama, “Kina Domina wameshakufa?” Alinizaba kofi nikaangukia kwenye kikapu cha ebitoke, ndizi za kupika, akaniuliza nani kanifundisha kuwaombea watu mabaya. Sikuweza kumweleza kwamba siombi, nauliza tu zamu imefika wapi. Hawakufa. Walikwenda kukaa upande wa Nyakakika kwenye ardhi ya watu, wakilima vibarua, na Domina aliacha shule kabla ya darasa la saba. Nilizisikia habari hizo kwa vipandevipande, na kila mara nilibadilisha mazungumzo.

Kitanda chetu nacho hakikutulia. Baba na baba mkubwa waligombea kile kibanja cha chini mpaka wakaacha kusalimiana, na watoto wao tukakatazwa kuchota maji pamoja. Baba mdogo alichoka nao akauza sehemu yake, akahamia Kyerwa karibu na Rubwera. Bibi alikufa wakati wa kiangazi, na wanawe wawili walisimama pande mbili za kaburi. Baba ndiye aliyeshinda kibanja, akapanda kahawa mpaka pale ilipokuwa jiko la mama Domina.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, siku moja ya kipindi kirefu cha kuchosha, nilikuwa na karatasi ya miraba mbele yangu. Nikachora Kitanda, nikachora na punje ya tano, halafu mkono ukasita. Kwa mara ya kwanza nilikumbuka ardhi yenyewe badala ya maneno ya baba. Kina Domina hawakuwa ubavuni. Walitugusa kwenye kona tu, pale kwenye mlamula, na kwenye mchezo ule kona na ubavu si kitu kimoja. Nikaifuta punje, nikaiweka konani, nikahesabu. Punje mbili zinazogusana, ya kwetu na ya kwao, zilikufa, na mbili nyingine zikazaliwa kando yao. Zikabaki tano. Nikahesabu zamu ya pili, hakuna kilichobadilika, wala ya tatu, wala ya kumi. Ulikuwa Mtumbwi. Hesabu ileile niliyoiabudu ilikuwa inasema kwamba tungebadilika kidogo, sisi na wao, kisha tungetulia wote watano. Nilikuwa nimeua kwa neno la baba yangu na nikasingizia hesabu. Nilikimbilia nje nikatapika kwenye maua ya mkuu wa chuo, na wenzangu wakanitania kwamba nina mimba.

Mngetarajia nilikwenda kumtafuta. Nyakakika si mbali, bodaboda inakufikisha kabla jua halijawa kali. Nilifika stendi mara mbili, na mara zote mbili nikajipa sababu. Mara ya kwanza mvua, mara ya pili sikumbuki hata ilikuwa nini. Ukweli ni kwamba niliogopa angenikaribisha.

Baba sasa ni mzee wa kuketishwa na kuinuliwa. Mwezi uliopita alituita sote, kaka zangu watatu na mimi, ili agawe vibanja akiwa bado na akili zake. Tulikaa sebuleni. Kwetu binti hupewa kuku, vitenge na maneno mazuri, kwa hiyo nilikuwa nimekaa karibu na mlango, tayari kwenda kutazama chai. Aliwapa wavulana sehemu zao moja baada ya nyingine, kila mmoja na mipaka yake. Kisha akasema, “Kile cha chini ni cha Koku.”

Kaka yangu mkubwa alidhani hakusikia vizuri. “Cha Koku? Binti, baba?”

“Alikifanyia kazi kuliko ninyi wote.”

Wakacheka, wakidhani anasema habari za dawa ninazomnunulia. Baba hakucheka. Aliniita kwa kidole, nikasogea, akanishika kiganja akakigeuza juu kama mtu anayetafuta mwiba.

“Jumapili ile mama yako alinituma nitoke kanisani nije nitazame hilo tumbo lako,” alisema, kwa sauti ya upendo ambayo sikuwahi kuisikia kwake nikiwa mtoto. “Nilisimama kwenye migomba. Ule mzizi wa mwisho ulipokushinda, ukaliacha jembe chini ukaondoka, nikasema moyoni, basi, ameshindwa. Mara nakuona unarudi na panga. Nikajua huyu ni mwanangu.”

Kaka zangu waliacha kucheka, kwa sababu walikuwa wanaelewa polepole. Baba aliendelea kunishika mkono, akitabasamu, akisubiri. Nilikuwa na nafasi ya kusema hiki si chetu. Nilikuwa na jina la mtu na jina la kata anakokaa, na mashahidi watatu mbele yangu.

Nilipiga magoti, kama binti anavyotakiwa apokeapo, nikasema, “Asante, baba.”